Kikao Kilicholala Kisimzuie Mteja Aliye Macho

Kuna jibu moja ambalo wewe na sisi tumelizoea sana: "Mtandao uko chini, jaribu baadaye." Wakala wa Bura hulitoa akiwa amekunja mikono mbele ya duka. Kijana wetu wa huduma kwa wateja hulitoa akiwa ofisini Nairobi. Mara nyingi ni kweli. Mlingoti umezimika, stima imepotea, au mvua imeleta mambo yake.

Lakini si kila mara. Kuna siku mtandao uko sawa kabisa, simu yako inashika vizuri, na hata ukimpigia jamaa yako Garissa mjini mnasikizana. Pesa tu ndiyo haiendi. Siku hiyo shida haiko kwa mlingoti wala kwa simu yako. Iko kwetu, ndani ya mashine zetu, na tukisema "mtandao" tunakuwa tunajificha.

Leo tunataka kuzungumza juu ya shida moja ya aina hiyo. Mafundi wanaijua sana, wateja hawaambiwi kamwe. Tutaeleza inavyotokea, kisha tutasema tunavyoona sisi: nani anapaswa kubeba mzigo wake. Maoni yetu tunayatoa wazi tangu mwanzo: mzigo huo si wako.

Usiku wa maziwa

Usiku mmoja mwaka jana tulikuwa na kazi ya kawaida ya matengenezo, kuanzia saa tisa hadi saa kumi usiku. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Tulitaka kuongeza safu moja kwenye jedwali la miamala, kisha kuhamisha kumbukumbu za zamani kwenda ghala la pembeni ili jedwali kuu liwe jepesi. Kwenye majaribio ilichukua dakika chache tu. Tuliipanga ijiendeshe yenyewe, na fundi wa zamu alikuwa karibu na simu yake.

Saa hiyo hiyo, Bura Mashariki, upande wa Fafi, mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia alikuwa ameshaamka. Wanaojua biashara hii hawahitaji kuelezwa. Maziwa yanakusanywa kwa wafugaji, yanamiminwa kwenye mitungi, na gari lazima liondoke kabla jua halijapanda ili yafike Garissa yakiwa mazuri. Dereva alitaka pesa ya mafuta kwanza. Saa kumi kamili mama akatuma. Kimya. Hakuna meseji. Akatuma tena. Kimya. Akatuma mara ya tatu. Dereva naye akasema, "Mama, mimi sioni kitu hapa," akazima injini.

Saa kumi na nusu meseji zote tatu ziliingia kwa mpigo. Pesa ya mafuta ilikuwa imetoka mara tatu, na salio la mama lilikuwa limebaki chenji. Pesa aliyokuwa amewawekea wafugaji wa maziwa ya kesho yake ndiyo iliyokwenda kwa dereva. Dereva alikuwa mtu muungwana, hakuikimbia. Lakini mpaka wahesabiane, wabishane, wapige simu kwetu na wapate wa kuipokea, jua lilikuwa limeshatoka. Sehemu ya maziwa ikaharibika njiani, ikauzwa kwa bei ya susa.

Sisi tulirudisha pesa iliyozidi. Maziwa hatukuweza kuyarudisha. Na mama alipoelezwa kwamba kisa chote kilitokana na kompyuta moja ya ofisini iliyoachwa wazi tangu jioni, aliuliza swali ambalo hatujalisahau: "Mtu wenu alikuwa amelala. Sasa mbona mimi niliyeamka ndiye niliyelipa?"

Kikao ni kitu gani?

Pesa yako ya simu haikai ndani ya laini. Inakaa kama hesabu kwenye hifadhidata, yaani daftari kubwa lililo ndani ya seva. Daftari hilo lina majedwali: moja la wateja, moja la salio, moja la miamala, na mengineyo. Kila programu au mtu anayetaka kusoma au kuandika humo hufungua kwanza kikao. Kikao ni kama kuingia ofisini kwa karani: unabisha hodi, unakaribishwa, unauliza swali lako, unajibiwa, unaaga, unatoka.

Taabu huanza pale mtu anapoingia, anauliza, anajibiwa, kisha haagi. Amekaa tu kwenye kiti. Hasomi, haandiki, hasemi neno. Mafundi wanaita hali hiyo kikao kilicholala. Vikao vya namna hiyo viko vya aina mbili, na ni muhimu kuvitofautisha.

Cha kwanza ni kile kilichomaliza kazi yake yote na kinangoja tu kazi nyingine. Hicho hakina ubaya mkubwa. Kinakula nafasi kidogo, basi.

Cha pili ni kile kilichoanza kazi na hakijasema kama kimemaliza au kimeghairi. Amefungua daftari, ameweka kidole kwenye ukurasa, kisha amesinzia kidole kikiwa pale pale. Huyu ndiye wa kuogopwa. Hatumii nguvu yoyote ya mashine. Ukitazama vipimo vyote ni kijani, seva imetulia kama maji ya mtungi. Lakini kidole chake ni kufuli. Maadamu kipo, hakuna anayeweza kuubadilisha muundo wa ukurasa ule.

Kwenye kisa chetu, mfanyakazi mmoja alifungua ripoti ya miamala saa kumi na moja jioni. Programu aliyoitumia ilianza kazi na haikuifunga. Akaitwa, akatoka, akaacha kompyuta ikiwaka, akaenda nyumbani. Hakuiba, hakuharibu kitu, wala hakuvunja sheria yoyote iliyokuwepo wakati huo. Alisahau tu. Mpaka saa kumi na nusu alfajiri kikao chake kilikuwa kimelala zaidi ya saa kumi na moja.

Ni kama malka iliyozibwa

Watu wa Bura mnaijua malka, ile njia ya mifugo kuteremkia mtoni. Tana ni pana lakini si kila mahali mnyama anaweza kushuka. Malka ikizibwa, mto wote ni kama haupo.

Sasa chukulia hivi. Mchungaji mmoja ameleta ng'ombe wake, wamekunywa, wametosheka. Badala ya kuwatoa, amejilaza chini ya mti na ng'ombe wamesimama kwenye njia. Bado wengine wanaweza kupenya kandokando, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Halafu wazee wanakuja na majembe. Wanataka kutengeneza ile njia, kwa sababu imemomonyoka. Wanasema: "Kazi hii haiwezekani mnyama yeyote akiwa ndani. Aliyemo atoke, na asiingie mwingine mpaka tumalize."

Waliomo wanatoka mmoja mmoja, isipokuwa yule aliyelala. Wazee wanamngoja. Na kwa kuwa wamesema asiingie mwingine, kila mchungaji anayefika anasimama nyuma yao. Foleni inarefuka. Ngamia wanalia, mbuzi wanatawanyika. Mchungaji aliyelala hajui. Wazee hawajapiga jembe hata moja. Wenye kiu ndio wanaoumia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa usiku ule. Kikao kilicholala peke yake hakikumzuia mteja yeyote: tangu saa kumi na moja jioni watu walituma na kupokea kama kawaida. Kazi ya matengenezo peke yake nayo isingemzuia mtu zaidi ya dakika chache. Lakini vilipokutana, kazi ya matengenezo iliomba kufuli kamili la jedwali, ikasimama kumngoja aliyelala, na kila muamala uliofika baadaye ukapangwa nyuma yake. Miamala mitatu ya mama wa maziwa ilikuwa kwenye foleni hiyo. Tulipokikata kile kikao, njia ikafunguka na yote mitatu ikapita.

Na tusidhani ni sisi peke yetu. Kampuni ya malipo ya London, GoCardless, iliandika yenyewe mwaka 2015 jinsi huduma yake ilivyosimama kwa sekunde kama 15 wakati wa kazi iliyopangwa kwenye hifadhidata, kwa sababu ya foleni ya kufuli. Sekunde 15 tu, na waliona ni jambo la kueleza hadharani. Sisi ilikuwa zaidi ya saa nzima, na tangazo letu la asubuhi lilisema kulikuwa na "hitilafu ya mtandao". Hilo lilikuwa kosa la pili, na kwa maoni yetu ni baya kuliko la kwanza.

Mbona ilichukua muda kugundua?

Kwa sababu tulitafuta mahali penye kelele, na aliyelala hapigi kelele. Fundi wa zamu aliona miamala inakwama, akafikiri ni mtandao. Akaangalia nguvu ya seva: iko chini, iko sawa. Akaangalia nafasi ya diski: ipo. Akaanzisha upya programu ya kupokea miamala, ambayo haikuwa na kosa lolote. Kila alichokiwasha upya kilirudi kusimama kwenye foleni ile ile.

Swali alilopaswa kuuliza kwanza ni fupi: nani anamngoja nani? Hifadhidata nyingi zina orodha ya vikao vyote, na zinaweza kuonyesha kila kikao kinazuiwa na kipi. PostgreSQL, kwa mfano, ambayo ni hifadhidata isiyolipiwa na inatumika duniani kote, huandika wazi kabisa kwamba kikao fulani kimelala huku kikiwa ndani ya muamala, na tangu saa ngapi. Alipoitazama orodha hiyo, jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Akakikata kikao. Matengenezo yakaisha kwa dakika chache, kama ilivyokuwa kwenye majaribio.

Je, kukikata kikao kunapoteza pesa ya mtu? Hapana, na hili ni vizuri ulijue. Hifadhidata ya pesa hufuata kanuni ya yote au hakuna: ama pesa imetoka kwako na imeingia kwa mwenzako, ama hakuna kilichofanyika. Kikao kikikatwa katikati, kazi yake ambayo haijathibitishwa hufutwa na hesabu hurudi zilivyokuwa. Anayepata hasara ni yule mwenye ripoti tu: ataifungua upya. Ukiweka ripoti upande mmoja wa mizani na maziwa ya watu upande wa pili, hakuna cha kubishania.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo siku nyingi. PostgreSQL iliweka tangu toleo la 9.6, mwaka 2016, kikomo cha kukikata chenyewe kikao kilicholala ndani ya muamala. Mwaka 2021, toleo la 14 likaongeza kikomo cha vikao vilivyolala nje ya muamala. Lakini vikomo hivyo huja vikiwa vimezimwa. Mpaka mwenyewe uviwashe. Na MySQL, nayo hifadhidata maarufu, ikiachwa ilivyo humvumilia aliyenyamaza kwa sekunde 28,800, ambazo ni saa nane nzima. Waliotengeneza mashine wametupa kufuli na ufunguo. Aliyeacha mlango wazi ni sisi.

Mzee anayesoma menyu polepole hana hatia

Baada ya usiku ule kulitokea pendekezo ofisini. Baadhi yetu walisema: basi tupunguze muda kila mahali, hata kwenye menyu ya mteja. Mtu akikawia kidogo kubonyeza, menyu ifungwe. Wakasema hivyo ndivyo mfumo utakavyokuwa mwepesi.

Sisi tunaoandika hapa tulikataa na bado tunakataa.

Kwanza, si kweli kwamba menyu yako ndiyo inayoziba njia. Unapobonyeza msimbo na kusoma "Tuma pesa, Toa pesa, Angalia salio", hujaweka kidole kwenye daftari bado. Mfumo ukijengwa vizuri, kufuli la hifadhidata linashikwa baada ya wewe kuweka nambari ya siri na kuthibitisha, na linaachwa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kukawia kwako kwenye menyu hakumzuii mwingine. Vikao hivi viwili vina jina moja lakini si ndugu.

Pili, ni nani anayekawia? Ni mzee mwenye simu ya vitufe ambaye macho yamechoka. Ni mama anayemwita mjukuu amsomee, kwa sababu menyu iko kwa Kiingereza na yeye anasoma Kisomali, au Kiswahili, au hasomi kabisa. Ni mtu aliye kando ya kijiji ambaye mtandao wake unakuja na kupotea. Ukimfungia menyu kila mara, anaishia kumpa mtu mwingine simu na nambari ya siri amfanyie. Hapo umemsukuma moja kwa moja kwa matapeli. Eti umerekebisha mfumo!

Basi kikomo kiwe kikali kwa sisi wenye ofisi, wenye kiti na stima, na kiwe na subira kwa mteja. Mara nyingi tumefanya kinyume.

"Usiku hakuna mtu": nani alisema?

Kuna dhana nyingine iliyotuponza. Matengenezo hupangwa usiku wa manane kwa sababu, wanasema, hakuna anayetumia. Ukitazama mchoro wa miamala ya nchi nzima, kweli mstari unashuka. Lakini mstari kushuka si sawa na mstari kufika sifuri. Walio kwenye sehemu ile ya chini ni watu, na si watu wa kuchezea.

Ni nani anatuma pesa saa kumi usiku? Mwenye maziwa. Anayepakia mbuzi kwenye lori ili wafike soko la mifugo Garissa mapema. Abiria anayelipia gari la alfajiri. Aliye na mgonjwa, anatafuta gari la kumpeleka hospitali, na ukoo mzima umeamshwa kuchanga. Na mwezi wa Ramadhani ukifika, saa hizo ndizo za daku. Miji ya Kaskazini Mashariki iko macho: vibanda vinauza, watu wanalipana. Kwa Bura, usiku wa manane wa Ramadhani una shughuli kuliko saa tisa ya mchana.

Tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, pesa ya simu imekuwa benki ya watu ambao benki iko mbali nao. Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya, na hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa nchi. Lakini mashine kuwa karibu na Nairobi haimaanishi ratiba iko karibu na Bura. Anayepanga saa ya matengenezo kwa kutazama mchoro wa nchi nzima atamwona mkaazi wa Nairobi aliyelala. Hatamwona mama wa maziwa, kwa sababu yeye ni tone moja kwenye mchoro. Kwake mwenyewe, muamala ule ni kazi ya wiki nzima.

Tunachoamini kifanyike

Hatupendi kulalamika bila kusema dawa. Haya ndiyo tunayoyasimamia, na tungependa kila mtoa huduma za pesa kwa simu ayafuate.

Kwanza, kikao chochote cha ofisini kilicholala ndani ya muamala kikatwe chenyewe baada ya dakika chache, bila kumwomba mtu ruhusa na bila kujali cheo. Ripoti ya meneja haina haki kuliko muamala wa mteja. Kwetu jambo hili sasa linafanyika, na ripoti nzito zinasomwa kwenye nakala ya pembeni, si kwenye daftari kuu.

Pili, kazi ya matengenezo ndiyo ijifunze kuondoka. Ikiomba kufuli na isilipate ndani ya sekunde chache, iache, irudi nyuma, ijaribu tena baadaye. Wazee wa malka wakiona kuna mtu amelala njiani, wasiizuie jumuiya nzima. Wakae kando, wanyama wanywe, wamwamshe aliyelala, kisha waanze kazi.

Tatu, kabla ya kazi kuanza, kuwe na ukaguzi wa nani yumo. Ni jambo la dakika moja. Hakuna fundi anayefunga mfereji wa skimu ya unyunyizaji ya Bura, ng'ambo ya mto, bila kuangalia kwanza ni lango gani liko wazi.

Nne, mfumo ukiona kiasi kile kile kinakwenda kwa nambari ile ile ndani ya muda mfupi, umuulize mteja kabla ya kupitisha: "Je, unataka kutuma tena?" Swali hilo moja lingemwokoa mama wa maziwa.

Tano, tangazo litoke mapema, kwa Kiswahili na kwa Kisomali, likisema saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Na katika Ramadhani, saa za daku ziachwe.

Sita, tuseme ukweli. Ikiwa ni matengenezo, tuandike matengenezo. Ikiwa tumekosea, tuandike tumekosea. Mteja aliyeambiwa "mtandao" atatembea kutafuta mahali pa kushika mtandao, atabadilisha laini, atawasha na kuzima simu, na atajaribu tena na tena. Mteja aliyeambiwa "tunatengeneza mpaka saa kumi" atangoja, au atatafuta njia nyingine. Neno la uongo lina gharama, na gharama hiyo inatoka kwa salio lake.

Kuna watakaosema hayo yote yanaongeza kazi na gharama. Kweli yanaongeza. Lakini gharama ilikuwepo tangu zamani. Tulikuwa tumeiweka Bura, mahali ambapo hatuioni, na sasa tunasema irudi ofisini ilikotoka.

Na wewe, ufanye nini?

Kurekebisha mfumo ni kazi yetu, si yako. Hata hivyo, siku pesa ikikwama, mambo haya yatakusaidia:

- Usirudie kutuma kabla ya kuangalia salio. Kukosa meseji si dalili kwamba pesa haijatoka. Inaweza kuwa iko kwenye foleni. Kama hata salio halifunguki, hiyo yenyewe ni dalili kwamba ungoje.
- Kama muamala unatoka kwenye simu kwenda benki, au mtandao mmoja kwenda mwingine, subira iwe zaidi. Hapo kuna daftari mbili, na moja inaweza kukawia.
- Weka meseji zako. Ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu ndiyo ushahidi wako. Usiifute mpaka jambo limekwisha.
- Ukipata tangazo la matengenezo na una safari au mzigo wa alfajiri, tuma jioni au toa pesa kidogo mkononi. Si haki ujipange kwa ajili yetu, lakini kwa sasa ndiyo njia salama.
- Hakuna matengenezo yanayohitaji nambari yako ya siri. Matapeli hupenda siku kama hizi. Wanapiga simu: "Tunaboresha mfumo, tupatie nambari ya siri ili usipoteze salio." Kata simu. Hata sisi wenyewe hatuna haki ya kukuuliza.
- Wewe wakala, usitoe pesa kwa kuonyeshwa meseji ya mteja. Ngoja meseji ifike kwenye simu yako na uangalie floti yako. Andika kitabuni saa mfumo uliposimama, itakusaidia kwenye hesabu.
- Ukidhulumika, lalamika. Anza kwetu, na udai nambari ya lalamiko lako. Usiporidhika, Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayosimamia watoa huduma za malipo chini ya Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ya mwaka 2011, na kanuni za mwaka 2014 zinamtaka kila mtoa huduma awe na njia ya kushughulikia malalamiko ya wateja.

Na mkikaa kwenye kikundi chenu cha ayuuto, zungumzeni juu ya hili. Siku ya zamu ya mtu kupokea, watu kumi wanatuma kwa nambari moja. Mmoja akikwama na kurudia, hesabu ya kikundi inavurugika na udugu unaingia doa. Kubalianeni mapema: pesa ikikwama, mtu asirudie mpaka mwekahazina aangalie.

Mama wa maziwa bado ni mteja wetu. Hatusemi hivyo kujisifu, kwa sababu pengine hana njia nyingine ya karibu, na hilo linafanya deni letu kuwa kubwa zaidi. Kikao cha ofisini sasa kikilala, kinakatwa. Ratiba yetu ya usiku tumeisogeza. Kama umeona pesa ikikwama saa ambazo hatukutangaza, Bura au kwingineko, tuambie saa ngapi na ilikuwaje. Tutatazama kwanza nani amelala kwetu, kabla hatujakuambia habari ya mtandao.